Leta haijakufa, iko Kasumbalesa

Mazungumzo mbele ya vijana, Lubumbashi

Leo hatuna mikro, kwa hiyo hawa wa nyuma musogee kidogo.

Nilipewa swali hili: je, utandawazi utamaliza Leta? Yaani, kwa kuwa biashara, pesa na habari vinapita mipaka vile vinataka, inchi kama Congo itabaki jina tu kwenye karte? Niko na diplome ya uhusiano wa kimataifa, na pale chuo nilifundishwa jibu: masosiete makubwa yanapanda, Leta inashuka. Nilipata pointi nzuri kwa jibu lile. Leo siliamini tena.

Tangu miaka miwili natafuta kazi. Siku moja nilipanda bus mpaka Kolwezi na bahasha yangu, nikafika kwenye mlango wa sosiete moja ya mgodi. Sitataja jina. Mtaji wa nje, wakubwa wa nje, hisa zake zinauzwa mbali sana. Mlinzi akafungua bahasha, akanirudishia. Alitaka karatasi ya makazi kutoka komine, karatasi ya mwenendo mwema, na nyingine mbili. Kila moja na kashe yake, na kila kashe na bei yake. Nilirudi Lubumbashi bila hata kuonana na mtu wa ofisi. Ndani ya bus nilikuwa nacheka peke yangu: hii njo sosiete ambayo vitabu vinasema imeshinda Leta? Bila kashe ya komine hainifungulii hata mlango!

Najua mwenye atanijibu. Rafiki yangu mmoja, tulisoma pamoja, sasa anauza vitengo vya simu, huwa ananiambia: «Mukubwa, shiye tunahesabu na dola, tunavaa vya China, tunakula bukari ya bunga ya Zambia. Leta inatusaidia nini?» Hana makosa kwa anachokiona. Ila bunga hii ya Zambia, muikumbuke. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, serikali yao ikabana mahindi yasitoke, na hapa kila mama alijua bei ya bunga ilifika wapi. Sasa, nani aliamua? Soko la dunia? Hapana. Ni Leta. Ila haikuwa yetu.

Mwezi wa nane wa mwaka uleule, Congo ilikuwa imekataza vinywaji kutoka Zambia, bia na limonade. Kasumbalesa watu wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Muwaze hapo: shaba na kobalti ambazo dunia nzima inasema haiwezi kuishi bila hizo, zimekaa ndani ya makamio juu ya chupa za limonade. Bariere moja, askari wachache, na utandawazi wote unazima moteri unangoja.

Kwa hiyo Leta haijafa. Tujiulize iko wapi, na imesimama pale kwa ajili ya nani.

Hapa lazima nirudi nyuma. Vile vitabu vinasimulia kana kwamba kila inchi ilikuwa kwanza nyumba yenye kuta, halafu utandawazi ukaja kubomoa. Labda ni hivyo kwa Ufaransa. Kwetu ilikuwa kinyume. Mwaka 1885, wajumbe wa mataifa 14 walimaliza mkutano wao Berlin, hakuna Mkongo hata mmoja ndani. Walikubaliana kwamba bonde la Congo litakuwa wazi kwa biashara ya wote, na kwamba kwa miaka 20 vitu vinavyoingia havitatozwa ushuru. Leopold wa Pili akapata inchi ambayo sheria yake ya kwanza, kabla ya shule, kabla ya hospitali, ilikuwa mlango wazi. Wazee waliita Leta ile Bula Matari. Hata neno Leta lenyewe lilikuja na Kifaransa. Sisi hatukuwa na taifa likaliwa na soko la dunia. Soko la dunia ndilo lilizaa Leta hii, likaiweka kwenye njia ya kutokea mali. Mpaka leo iko palepale: nene pale mali inapotokea, nyembamba pale watu wanalala.

Na nene kweli, musidanganywe. Kodi ya madini ya 2002 iliacha malipo ya Leta kwa kobalti kwenye asilimia 2. Kodi mpya ya 2018 ikaruhusu asilimia 10 kwa madini ya mkakati. Wakubwa wa masosiete walipanda ndege wenyewe mpaka Kinshasa, wakakaa masaa na rais Kabila kumwomba asisaini. Alisaini. Mwisho wa mwaka kobalti ikaingia kwenye orodha ya mkakati. Halafu mwezi wa pili 2025, bei ikiwa chini sana, Kinshasa ikasimamisha kobalti yote isitoke. Mwezi wa kumi ikaleta vipimo: tani 96.600 kwa 2026, na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka kuisha. Leta dhaifu haifanyi hivyo.

Basi mutu anayetuambia «hatuwezi, ni utandawazi», tumwangalie vizuri usoni. Mara nyingi anaficha kitu. Kodi ile ya 2018 inagawa malipo hayo ya madini hivi: asilimia 50 kwa Leta ya kati, 25 kwa provensi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komine, sekta au sheferi yenye mgodi ndani yake. Asilimia 15! Hiyo haiko London wala Beijing. Iko kwa burgumestre, umbali wa motari moja.

Na mimi niseme ukweli wangu. Nilisoma miaka mitano juu ya dunia, na sikuwahi kuingia komine kuomba kuona bajeti. Niliingia mara moja tu, kutafuta kashe. Mama yangu anachota maji kwa jirani mwenye forage, anamlipa kila bidoni, na mimi nilikuwa naandika travaye juu ya mwisho wa Leta.

Kuna wenye wataondoka, siwahukumu. Ila hata kuondoka kunaanza kwa Leta. Paspoti ya 2015 iliuzwa dola 185, na sehemu kubwa ya pesa haikubaki kwenye kasha ya inchi.

Siku ya posho tunaenda komine, saa tatu ya asubuhi, kwa amani, bila fujo. Tutaacha barua ya kuomba hesabu ya ile asilimia 15: imeingia kiasi gani, imelipa nini. Barua iko tayari, kopi tatu, na moja lazima irudi na kashe ya kupokea. Safari hii kashe hiyo sitailipia. Wa Kolwezi, mutuandikie tuwatumie mfano wa barua, mubadilishe jina la komine tu.

Haya, maswali. Wewe wa kofia nyekundu, anza.