Watu wa Beroya



Asubuhi hii tunafungua Matendo ya Mitume, mlango wa 17, kuanzia mstari wa 10. Paulo na Sila wametoroshwa Thesalonike usiku, wamefika Beroya, wameingia katika sinagogi. Watu wa Beroya walilipokea neno kwa moyo, lakini kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama ndivyo mambo yalivyo. Tuangalie vizuri: aliyechunguzwa ni Paulo mwenyewe, mtume wa Kristo! Wala Luka hasemi kwamba walikuwa na imani haba. Anawasifu.

Sisi mara nyingi tumefundishana kinyume. Anayeuliza huambiwa ana shaka, na mwenye shaka huambiwa hana Roho. Basi habari ikija imevikwa jina la Bwana, tunaimeza bila kuitafuna.

Wengi wetu tunakumbuka usiku mmoja wa Machi 2020, siku chache baada ya Korona kutangazwa nchini mwetu. Habari zilipita kwa simu kwamba mtoto mchanga amenena, akaagiza watu wanywe chai ya rangi isiyo na sukari ili wasipatwe na ugonjwa. Majiko yakawashwa usiku wa manane, majirani wakaamshana. Leo tunacheka. Lakini mwaka uliofuata simu zile zile zilileta habari kwamba chanjo ndiyo alama ya mnyama wa Ufunuo, na wako waliokataa sindano kwa sababu hiyo. Hapo hatucheki. Kisha Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, yalianza kufukuliwa. Ilitolewa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Wazazi wao walikuwa wameambiwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Walikuwa watu wa kusali, kama sisi.

Tunaijua amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Je, ujumbe tunaousukuma mbele katika kundi la kanisa, juu ya askofu fulani, au juu ya kabila fulani wakati wa uchaguzi, si ushuhuda? Tunajitetea kwamba tumeutuma kama tulivyoupokea. Shahidi wa namna hiyo hakimu gani atamsikiliza?

Kuchunguza si kazi ya wasomi tu. Nani aliyesema kwanza, naye ana jina? Lilitokea wapi? Kama ni habari ya dawa, muuguzi wa zahanati yetu anasemaje? Kama ni mstari wa Biblia, tusome mlango mzima. Tusipopata jibu, habari hiyo na ife katika simu yetu.

Nasi wachungaji, Mkristo akitujia baada ya ibada, Biblia mkononi, akauliza kama mstari wasema hivyo kweli, tusimkunjie uso. Hatusomi popote kwamba Paulo aliwakasirikia watu wa Beroya. Tunasoma katika mstari wa 12 kwamba wengi wao waliamini, na wanawake wa heshima wa Kiyunani, na wanaume pia.

Tuombe. Ee Bwana, uwafariji waliofiwa Shakahola. Utupe masikio ya watu wa Beroya, na ulimi usio na haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.