Yaliyojengwa Baada ya 1863: Majengo na Alama za Kale za Kibaha na Kisarawe

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo husubiri mpaka litangazwe rasmi. Kwa Kilwa na magofu ya Kaole, sheria hiyo ni ngao. Kibaha na Kisarawe hainufaishi sana, maana majengo yanayojulikana zaidi huko karibu yote ni ya baadaye.

Upande wa Kisarawe, Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni yao ilivamiwa na kuteketezwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Leo Pugu iko Ilala, lakini historia yake na ya Kisarawe ni moja. Walutheri walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1925 Waanglikana wakakihamishia Minaki chuo chao cha Kiungani, Zanzibar.

Upande wa Kibaha, reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Treni ya umeme sasa inapita Soga hiyohiyo. Shirika la Elimu Kibaha nalo ni tunda la mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya mahali pamoja. Tanzania ilikabidhiwa mradi huo Januari 1970.

Misheni, reli na mradi vina nyaraka zake. Wazaramo wenyeji je?

Nyumba ya Mzaramo ya miti, udongo na makuti haidumu sana ikishaachwa. Familia zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, nyuma yalibaki mahame: miembe mikubwa iliyosimama karibu karibu, minazi michache, makaburi ya ukoo na vigae vya vyungu kwenye udongo. Mgeni huona pori. Mzee wa hapo huonyesha penye uwanja, penye mlango, na aliyezikwa chini ya mti upi. Hiyo ni historia kamili, na mwandishi wa makala hii anaona ndiyo iliyo hatarini kuliko zote, kwa sababu mpima viwanja anayekuja na ramani hana alama yoyote inayomwambia asimame.

Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi ianzie kwenye mahame, kabla ya misheni na reli. Serikali ya kijiji iandike kwenye daftari jina la kila hame, ukoo wake, miti na makaburi yake, ikishuhudiwa na wazee wenyewe. Shule za sekondari, Minaki na Kibaha zikiwemo, ziwape wanafunzi wa historia kazi ya kuwasikiliza wazee na kuchora ramani. Halmashauri ipokee daftari hilo na kulifungua kabla ya kuidhinisha mchoro wowote wa viwanja.