Kutoka Dukani hadi Debeni: Hotuba kwa Wanawake Wafanyabiashara wa Mowlem

 

Katika wadi hii wako akina mama ambao wateja wao huwauliza kila mara, "Mama, mbona usisimame?" Yuko mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye saluni, mwenye kibanda cha mboga, wakala wa M-Pesa. Anajulikana, hukopesha, anajua ni ploti gani haina maji na ni barabara gani haipitiki mvua ikinyesha. Wanaomuuliza hawakosei. Lakini kujulikana si sawa na kupigiwa kura, na jiji hili lina mfano wake.

Esther Passaris, mzaliwa wa Mombasa, aliingia kwenye masikio ya wakazi wa Nairobi kupitia biashara. Kampuni yake, Adopt-A-Light, ilianza mwaka wa 2002, wakati barabara nyingi za jiji zilikuwa giza. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Kampuni inaweka na kutunza taa za barabarani, wenye bidhaa wanalipia matangazo yanayotundikwa kwenye nguzo, na malipo hayo ndiyo yanayogharimia taa. Baadaye zikaja taa za milingoti mirefu katika mitaa ya mabanda. Wananchi wakazibatiza wenyewe: mulika mwizi. (Jina hilohilo wamelipa simu ndogo yenye tochi, na pengine hakuna tangazo ambalo lingeweza kununua umaarufu wa namna hiyo.) Mwenye kibanda anajua thamani ya mwanga: palipo na taa, biashara haifungwi jua likizama.

Mkataba wa matangazo ukazua mvutano uliofika mahakamani, baraza la jiji la wakati huo likiwemo. Kesi za namna hiyo huchosha, na wengi wangerudi kimya kwenye biashara. Yeye alielekea debeni. Katiba ya 2010 ilikuwa imeunda viti 47 vya Mwakilishi wa Kike, kimoja kwa kila kaunti, na mwaka wa 2013 akawania cha Nairobi. Akashindwa na Rachel Shebesh wa TNA.

Hapo ndipo pa kutulia. Mwanamke ambaye taa zake zilijulikana jiji zima alishindwa. Alirudi mwaka wa 2017 kwa tiketi ya ODM, akashinda. Mwaka wa 2022 akakitetea kiti dhidi ya Millicent Omanga wa UDA, naye mfanyabiashara. Kwa hivyo biashara ilimpa jina, lakini kiti kilihitaji chama chenye wafuasi jijini na uvumilivu wa kungoja miaka minne zaidi. Hata hivyo, chama nacho hakimalizi kazi. Mwaka wa 2013 Nairobi ilimchagua gavana wa ODM, Evans Kidero, lakini Mwakilishi wa Kike akatoka TNA. Mwaka wa 2022 ilimchagua gavana wa UDA, Johnson Sakaja, na kumrudisha Passaris wa ODM. Mpiga kura wa Nairobi hukagua jina moja moja, na wale wanaotegemea suti ya chama kutoka juu hadi chini wamewahi kuachwa nje.

Sasa turudi wadini. Kwa nini mfanyabiashara wa Mowlem ajisumbue? Ada ya kibali cha biashara anayolipa, ya kuegesha gari, ya soko, zote hutoka katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, na sheria hiyo hupitishwa na wawakilishi wadi. Nairobi ina wadi 85. Wanawake wanaochaguliwa moja kwa moja ni wachache, wengi wa walio bungeni huingia kwa viti maalum. Anayekaa nje ya chumba hicho atalipa kilichoamuliwa ndani.

Gharama nayo isemwe wazi. Katika uchaguzi wa 2022, tume ya IEBC ilitoza mgombea wa wadi shilingi 5,000, na mwanamke nusu yake, shilingi 2,500. Ada ya chama ni nyingine, na kampeni ni nyingine kabisa. Mtaji wa duka ukiliwa na kampeni, kurudi ni vigumu. Na kuna la sheria: Kifungu cha 193 cha Katiba kinamzuia mtu aliyetangazwa kufilisika, kabla hajaondolewa hali hiyo, kuwa mgombea. Mkopo wa kampeni unaweza kufunga mlango uleule ulionuiwa kuufungua.

Linalosahaulika zaidi ni zabuni. Sheria inatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na akina mama wengi wamekua kibiashara kwa njia hiyo. Siku mmoja wao akiapishwa, hawezi tena kuiuzia kaunti anayopaswa kuikagua. Kumpa mumewe kampuni hakumwokoi, kwa kuwa sheria za ununuzi na za uadilifu humwangalia na mwenzi wake. Aliyezoea kuishi kwa zabuni za kaunti anapaswa kupiga hesabu hiyo kabla ya kuchapisha mabango, kwa sababu kuna ambao kiti kitawapunguzia mapato. Si aibu kuamua kubaki dukani na kwenda kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha. Mwenye risiti mkononi husikilizwa.

Kwa anayeendelea, uchaguzi ujao kikatiba ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Anayetaka kusimama bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Wengi wamewahi kujikuta wameandikishwa vyamani bila kujua. Angalieni jina lenu katika rejista ya Msajili wa Vyama kupitia eCitizen wiki hii, na mkijikuta mahali msipopajua, jiondoeni mapema.