Nani anakagua bweni?

Kila bweni la shule linapoungua nchini Kenya, swali la kwanza huwa ni nani aliyewasha moto. Mimi ningeanza na mlango.

Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 hauna mafumbo: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na baina ya kitanda na kitanda iachwe mita 1.2. Ni kazi ya futi kamba na nusu saa, basi.

Lakini nani apime? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa shule ya umma bodi ya usimamizi. Mwalimu mkuu ameajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), na huyo huyo ndiye katibu wa bodi. Matroni na bawabu wa usiku ni waajiriwa wa bodi. Serikali inagharimia masomo, mzazi analipia chakula na malazi. Likizuka la kuzuka, kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole.

Mzazi anayelipia kitanda hakioni. Siku ya kuwatembelea watoto huishia uwanjani, chini ya mti, na chapati zake. Bodi zinaweza kulibadilisha hilo muhula huu huu, bila kungoja Nairobi: wazazi waingizwe ndani, wahesabu vitanda wenyewe.