Dengu za Jirani katika Sahani ya Navaratri

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani wa hekalu, Kamanga, Mwanza



Kamati imenitaka niseme machache kuhusu chakula cha sikukuu. Mimi si mpishi mwenye sifa. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kununua na kuuza mikunde, na kwa hiyo nimechagua chakula kimoja ninachokifahamu kutoka kwenye gunia hadi kwenye sahani. Chakula hicho ni sundali. Nimekichagua pia kwa sababu limeletwa pendekezo kwamba mwaka huu jiko la hekalu lipumzike, tununue mithai katika visanduku vizuri na kuwagawia wanachama. Walioleta pendekezo hilo ni watu wenye nia njema na wanaona uchovu wa kina mama wetu. Hata hivyo naomba ruhusa ya kuitetea sundali.

Kwa majirani zetu, niseme kwanza kwamba Navaratri maana yake ni usiku tisa. Huangukia mwezi wa Septemba au Oktoba, nasi katika usiku huo humwabudu Mungu kwa sura ya Mama: Durga mwenye nguvu, Lakshmi mleta neema, na Saraswati mlinzi wa elimu. Siku ya kumi ni Vijayadashami, siku ya ushindi wa wema dhidi ya uovu. Sisi Wagujarati tunaijua Navaratri kwa miguu yetu: tunacheza garba kwa kuzunguka taa ya Mama, na wengi wetu hufunga. Ngoma na fimbo za dandia mnazozisikia kutoka barabarani ni zetu.

Lakini India ni kubwa, na sikukuu moja ina milango mingi. Watamil na ndugu zao wengine wa kusini hupanga sanamu ndogo nyumbani, juu ya ngazi zenye idadi witiri: tatu, tano, saba au tisa. Huita mpangilio huo golu. Kila jioni wanawake na watoto hutembeleana kuzitazama sanamu, na kila mgeni, awe tajiri au maskini, hupewa sundali kabla ya kuondoka. Kwa hiyo sundali tangu asili yake ni chakula cha mgeni. Haipikwi ili mwenye nyumba ale peke yake.

Imefikaje katika hekalu lililoanzishwa na Wagujarati? Wazee wetu walioanza kuhesabu pamba na chumvi katika mji huu kabla reli haijafika mwaka 1928 hawakuijua. Baadaye jamii yetu ilipungua. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971 familia nyingi ziliondoka, na hata sasa vijana wetu huenda kusoma Leicester au Toronto na wengi hawarudi. Waliokuja kuzijaza nafasi zao katika ukumbi huu ni walimu, wahasibu, wahandisi na wauguzi kutoka Chennai, Hyderabad na Kerala. Hawajui garba, lakini walileta sufuria. Leo ukiingia jikoni kwetu wakati wa Navaratri utasikia Kitamil, Kitelugu, Kigujarati na Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Sasa niseme inavyopikwa, maana chakula kisichojulikana mapishi yake ni rahisi kukidharau. Dengu kavu huchaguliwa, huoshwa, na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi humwagwa maji yale na kutiwa mengine, kisha huchemshwa mpaka ziive. Dengu iliyoiva vizuri hubonyea ukiibana kwa vidole viwili, lakini haipondeki sufuriani. Chumvi hutiwa mwishoni, zikisha kulainika. Huchujwa zikauka. Kwenye karai hutiwa mafuta kidogo, na yakipata moto hutiwa haradali. Haradali ikianza kupasuka huongezwa pilipili kavu, majani ya mchuzi na mvuje kidogo sana. Hapo dengu humiminwa, hugeuzwa kwa dakika mbili tatu, na karai huepuliwa. Mwisho huongezwa nazi iliyokunwa na maji ya ndimu. Kitunguu na kitunguu saumu havitiwi, kwa kuwa ni chakula cha ibada.

Liko sharti moja ambalo wageni huliona gumu: mpishi haruhusiwi kuonja. Chakula hutolewa kwanza kwa Mama, na baada ya kubarikiwa ndipo huitwa prasadi na kugawiwa watu. Kwa sababu hiyo chumvi hupimwa kwa kijiko, na mpishi hutumia macho, pua na kumbukumbu. Kijana aliyepika sundali mara moja kwa sharti hili hujifunza kufanya kazi nzuri ambayo si yeye atakayekuwa wa kwanza kuifaidi. Sijui somo bora zaidi la kumpa mtoto wa mfanyabiashara.

Si lazima kila siku iwe dengu. Kuna familia zinazofuata siku za juma: Jumatano choroko, Alhamisi dengu, kwa kuwa kila punje inahusishwa na sayari yake. Hufaa pia kunde, mbaazi na karanga. Sikilizeni orodha hiyo: dengu, choroko, kunde, mbaazi, karanga. Je, ipo hata moja ambayo haiuzwi katika soko la Mwanza?

Hapa ndipo ninapofika kwenye kazi yangu. Dengu hulimwa Misungwi, Kwimba, Magu na Shinyanga, katika udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji. Mkulima hupanda mvua zinapoelekea kuisha, na mmea hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mavuno huingia kuanzia katikati ya mwaka. Navaratri inapofika, dengu mpya ziko sokoni. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, zilijaribiwa na kupewa majina ya kwetu aina za dengu zilizotokana na mbegu za taasisi ya ICRISAT, ambayo makao yake yako Patancheru, karibu na Hyderabad. Mbegu ilitoka alikotoka mpishi, nayo ikawa mwenyeji kabla yake.

Lakini dengu hizo hizo zimewahi kuwaliza wakulima wetu. Sehemu kubwa huuzwa India. Mwezi Desemba mwaka 2017 serikali ya India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia kutoka nje, na kufikia Machi 2018 ushuru ulikuwa umefika asilimia 60. India ilikuwa ikiwalinda wakulima wake, na siwezi kuilaumu kwa hilo. Hata hivyo bei huku ilianguka, na mimi niliona magunia yakirudi kijijini juu ya baiskeli zilizoyaleta. Ada za shule zilikuwa ndani ya magunia yale. Tangu wakati huo sikubali neno linalosema kwamba dengu ni kitu kidogo.

Hekalu letu haliwezi kulisimamisha soko la dunia. Linaweza kufanya mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake.

La kwanza, tupike sundali, na mikunde yake tuinunue kwa wakulima wa mkoa huu kwa bei ya haki. Kilo moja ya dengu kavu, ikilowekwa na kuchemshwa, huzidi kilo mbili, na hutosha watu wapatao ishirini kwa kiasi cha mkono mmoja kila mtu. Fedha za kisanduku kimoja cha mithai zinaweza kulisha watu wengi. Nazi itoke Pwani, mafuta ya alizeti yatoke Singida, na dengu Misungwi: nchi yetu itakuwa imekutana katika sufuria moja.

La pili, uchovu wa kina mama tuuondoe kwa kuongeza mikono. Vijana wa kiume nao waloweke, wachuje, wakune nazi. Mbuzi wa kukunia hachagui mwanamke wala mwanamume.

La tatu, na ndilo kubwa kwangu, prasadi ivuke geti. Tunaishi katika mji unaoishi kwa sato, sangara na dagaa, nasi hatuli samaki. Mara nyingi jambo hilo limekuwa ukuta baina yetu na jirani: hatuwezi kula kwake, naye hajui atakula nini kwetu. Sundali haina ukuta huo. Mlaji wa makande haihitaji kufundishwa, na hakuna ndani yake kitu ambacho Mwislamu au Mkristo atakihofia. Jirani ambaye kwa imani yake hatachukua chakula kilichotolewa madhabahuni tumheshimu, na kwa ajili yake tutenge sufuria ya pili ambayo haikupelekwa mbele ya Mama. Mlinzi wa usiku, mama lishe, dereva wa bodaboda, msafiri anayesubiri kivuko cha kwenda Sengerema: hawa ndio wageni wa golu yetu. Visanduku vya wanachama peke yao vitakwisha ndani ya ukuta.

Ndugu zangu, hekalu haliadhimishi miaka kwa sababu kuta zake hazijaanguka. Huadhimisha kwa sababu watu wamezidi kuingia na kutoka. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuja babu zetu, wakaja ndugu wa kusini, na kila aliyekuja alimkuta Msukuma shambani na chakula tayari. Usiku tisa ni nafasi ndogo ya kumrudishia, katika sahani, kile alichotupa katika gunia.

Naiomba kamati ilipime jambo hili kwa moyo mkunjufu. Mimi nitatoa gunia la kwanza.

 Jai Ambe.