Inhela ya Kila Siku Isiachwe Pumu Ikitulia



Mgonjwa wa pumu hupatwa na mambo mawili kifuani. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, na kuta za njia hizo huvimba na kujaa makohozi. Kila jambo lina dawa yake.

Inhela ya salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa ya buluu, hulegeza misuli kwa dakika chache. Nafuu hiyo hudumu saa 4 hadi 6, lakini uvimbe hubaki palepale. Uvimbe hutibiwa kwa steroidi za kuvuta, kama budesonidi na beklometasoni. Hizi huzuia mwili kutoa kemikali zinazoleta uvimbe. Hufanya kazi polepole. Mgonjwa huweza kungoja siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kuona tofauti.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mzazi huona mtoto amelala usiku kucha bila kukohoa, akadhani amepona, akaiweka inhela kabatini. Uvimbe hurudi kimyakimya. Siku ya vumbi, moshi wa kuni au mafua, kifua hubana ghafla, na inhela ya buluu pekee huenda isitoshe. Pumu huua.

Wengine huogopa jina steroidi. Dawa hizi si zile za kutunisha misuli. Tena, dawa ya kuvuta hufika moja kwa moja kwenye mapafu, hivyo kiasi kidogo hutosha. Hupimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu 1,000 ndizo miligramu 1. Tembe za prednisoloni hupimwa kwa miligramu. Daktari huzitoa kwa siku chache shambulio likiwa kali. Zikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha sukari mwilini na kudhoofisha mifupa, kwa hivyo zisinunuliwe kiholela.

Mwenye mzio wa pua hutibiwa kwa steroidi ya kupuliza puani, nayo pia hutaka kutumiwa kila siku kama alivyoelekezwa.

Baada ya kuvuta steroidi, mgonjwa asukutue kwa maji na kuyatema, ili asipate utandu mweupe mdomoni. Anayehitaji inhela ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki arudi kliniki. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi akimbizwe hospitalini mara moja.