Askari wa Lango la Attica

Mtaani kwetu aliwahi kuishi askari magereza mmoja. Jioni alipokuwa akirudi kazini watoto walipiga kelele, "Bwana jela huyo!" kisha wakakimbia. Sisi watu wazima hatukumuuliza habari za kazi. Mwanajeshi tunampigia makofi siku ya gwaride, lakini mwenye funguo za gereza tunamkumbuka pale tu mfungwa anapotoroka.

Leo nataka tumkumbuke mmoja wa kazi hiyo, ingawa si wa kwetu. Aliitwa William Quinn, umri wake miaka 28, mume na baba wa watoto, askari katika gereza la Attica, jimbo la New York, Marekani.

Asubuhi ya Septemba 9, 1971, Quinn alikuwa zamu mahali zinapokutana njia za kwenda mabweni makuu manne. Wafungwa wenye hasira walilisukuma lango. Lilikuwa lango la chuma, ila palikuwa na sehemu iliyochomelewa vibaya, na hapo ndipo lilipoachia. Quinn alipigwa vibaya sana kichwani. Baadaye wafungwa wenyewe walimbeba juu ya godoro na kumtoa ili apate matibabu. Alifariki hospitalini Septemba 11.

Kifo hicho kilibadili mazungumzo. Wafungwa waliogopa kushtakiwa kwa mauaji, wakashikilia kwamba wasamehewe kwanza. Gavana Nelson Rockefeller alikataa, na kwenda gerezani pia akakataa. Septemba 13 yakarushwa mabomu ya machozi, ikafuata mvua ya risasi. Risasi hizo ziliua watu 39: wafungwa 29 na mateka 10, nao mateka walikuwa watumishi wa gereza. Wakubwa wakatangaza kwamba mateka walichinjwa na wafungwa. Kesho yake daktari aliyechunguza maiti, John Edland, akasema ukweli: waliuawa kwa risasi. Na wafungwa hawakuwa na bunduki.

Wajane wa mateka waliletewa hundi za fidia. Walizipokea bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo walikuwa wakijifungia njia ya mahakamani. Ilipofika mwaka 2005, miaka 34 baadaye, ndipo jimbo lilipokubali kuwalipa manusura na familia za watumishi dola milioni 12.

Je, ni nani aliyemuua Quinn? Mikono iliyompiga ni ya wafungwa, na kosa hilo halina utetezi. Lakini gereza lile lilikuwa na watu wapatao 2,200, wamejazana kupita kiasi. Mfungwa alioga mara moja kwa juma na kupewa roli moja ya karatasi ya chooni kwa mwezi. Malalamiko yalikuwa yamekwisha kuandikwa na kupelekwa kwa wakubwa miezi kadhaa kabla. Waliopokea barua walikuwa ofisini. Aliyesimama langoni alikuwa Quinn.

Ndugu wasikilizaji, kila panapozungumzwa hali ya magereza, hawakosi wa kusema kwamba tunawadekeza wahalifu. Nawaomba wafikiri tena. Askari naye hufungiwa humo humo kwa saa zote za zamu yake. Maji yakikosekana, chakula kikipungua, watu wakilala kwa zamu, hasira ile haimfikii mkubwa aliye mbali. Inamfikia aliye karibu.

Mbele ya gereza la Attica pamesimama jiwe lenye majina ya watumishi 11 waliopoteza maisha siku zile, na kila Septemba 13 jamaa zao hukusanyika hapo kuwakumbuka.

Jirani yangu yule alipewa uhamisho, akaondoka na familia yake. Miaka yote tuliyokaa naye sikuwahi kumwambia hata "pole na kazi". Kama kwenu yupo mmoja, leo jioni akipita msalimuni.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.